Masanduku ya hewa kwanza, rangi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wanaotamani kuunda mashua ndogo ya plaiwudi nyumbani pamoja na watoto wao. Jambo hilo linawezekana kabisa. Halitaki karakana wala fundi wa kukodi; linataka mahali penye kivuli pa mita 4 kwa 3, zana za kawaida za useremala, na Jumamosi na Jumapili za kama miezi miwili. Nina neno moja la kulishikilia: kinachomrudisha mtoto ufukoni kimo katika sehemu ambazo rangi ikishapakwa hazionekani tena. Nazo ni gundi iliyoshika tabaka za plaiwudi, kingo za mbao zilizokatwa, na hewa iliyofungiwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Hizo ndizo watu huzifanyia haraka wakichoka, kwa sababu hakuna mgeni atakayezisifu.

Njia inayofaa familia ni ya kushona na kugundisha. Badala ya kusimamisha mifupa kwanza, yaani mkuku na mataruma, halafu kupigilia mbao juu yake, unakata vipande bapa kwa vipimo, unavishona ukingo kwa ukingo kwa waya wa shaba, navyo vinapokutana chombo hujikunja chenyewe kikapata umbo. Baada ya hapo viungo huzibwa kwa gundi ya epoksi na utepe wa faibaglasi. Njia hii ilipata umaarufu Uingereza mwaka 1963, gazeti la Daily Mirror lilipozindua mashua ya Mirror, ya urefu wa mita 3.3, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell kwa ajili ya watu wasio mafundi; zimeundwa zaidi ya 70,000. Kabla yake, mwaka 1947, Clark Mills wa Clearwater, Florida, alikuwa amechora Optimist, mashua ya watoto ya mita 2.3 iliyotoka kwenye karatasi mbili za plaiwudi. Ukichungulia ndani ya hizo mbili utaona jambo moja. Mirror ina matangi ya hewa yaliyojengwa pamoja na chombo. Optimist iko wazi, lakini haiingii mashindanoni bila mifuko mitatu ya hewa iliyofungwa kwa mikanda. Hakuna kati yake iliyoachwa itegemee kuelea kwa mbao peke yake.

Tuanze na plaiwudi, maana kosa la hapa halina marekebisho. Karatasi ya kawaida ni milimita 1220 kwa 2440. Kwa mashua ya mita 2.4 yenye omo na tezi butu, zinatosha karatasi 3 za unene wa milimita 6: ya kwanza hutoa mbavu mbili, yaani kuta za pembeni, pamoja na ubao wa omo na wa tezi, ya pili hutoa kitako, ya tatu hutoa viambaza, yaani kuta za ndani zinazofunga masanduku ya hewa, vifuniko vya masanduku ya hewa na kikalio. Bora kuliko zote ni plaiwudi ya baharini ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, kwa kuwa gundi yake haiachii majini na tabaka zake za katikati hazina mianya. Ikikosekana, tafuta iliyogundishwa kwa gundi ya kustahimili maji, na hata hapo usiamini muhuri, pima. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10, vichemshe saa moja katika kopo lisilorudi tena jikoni, vianike mpaka vikauke, urudie mara tatu au nne. Kisha ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Plaiwudi ya kazi za ndani ya nyumba huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, mara nyingi tangu mchemsho wa kwanza. Ile nzuri hupasuka nyuzi za mbao zenyewe kabla gundi haijaachia. Kazi hiyo mpe mtoto, ukisimamia moto wewe. Aandike namba kwenye kila kipande kwa penseli na matokeo yake daftarini. Akishaona kwa macho yake kipande kimoja kikisambaratika na kingine kikikataa, hutahitaji kumweleza tena kwa nini karatasi ya rahisi haikununuliwa.

Tazama pia kingo za karatasi pande zote nne. Mwanya unaoonekana ukingoni mara nyingi una wenzake ndani, na huo ndio mfereji wa maji. Pita ukigonga uso wa karatasi kwa kifundo cha kidole; sauti ikigeuka ghafla ikawa ya mvungu, zungushia duara kwa penseli, na usikate kipande cha kitako mahali hapo.

Kabla ya msumeno kugusa plaiwudi, tengenezeni mfano wa karatasi ngumu kwa kipimo cha 1 kwa 10, yaani wa sentimita 24, ulioshonwa kwa uzi. Kazi ya jioni moja. Makosa ya vipimo yote hujitokeza hapo: ubavu uliogeuzwa, ubao wa tezi uliokatwa mwembamba kuliko kitako, kiambaza kisichofika. Familia inayoruka hatua hii huishia kununua karatasi ya nne.

Vipimo vinavyotoa chombo tulivu kwa mtu mzima mmoja na mtoto mmoja au wawili wadogo ni kitako cha upana wa sentimita 90 katikati, 75 tezi na 50 omo, na mbavu za kimo cha sentimita 40. Hesabu ya uzito ni rahisi na watoto wa shule waifanye wenyewe. Sehemu ya kitako inayolala majini ina kama mita 1.5 za mraba, kwa hiyo kila sentimita inayozama inabeba kama kilo 15. Mashua yenyewe kilo 40, mtu mzima 75, mtoto 30, jumla 145. Itazama kama sentimita 10, na kidogo zaidi kwa kuwa omo na tezi zimeinuka. Zinabaki kama sentimita 28 juu ya maji. Mkiongeza watu wazima wawili, hizo 28 zinashuka mpaka 18, na wimbi dogo la chombo kinachopita linaingia ndani. Idadi ya watu iandikwe kwenye ubao wa tezi siku hiyo hiyo ya hesabu.

Mikunjo haichorwi kwa mkono mtupu. Pigilia misumari midogo kwenye nukta za vipimo, egemeza ufito mwembamba wa mbao yenye nyuzi zilizonyooka, watoto wakiushika huku na huku, kisha chuchumaa uutazame kwa jicho moja kwa urefu wake. Nukta moja ikikosewa kwa milimita 5, ufito utapiga nundu pale pale. Usiulazimishe ufito ufuate nukta. Ng'oa msumari wenye nundu, uache ufito uchague njia yake, kisha pima upya. Mbavu mbili zikatwe zikiwa zimebanwa pamoja, milimita 2 nje ya mstari, halafu zipigwe randa pamoja mpaka mstarini. Zikipishana, mashua itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Kushona ndiko ambako mikono midogo inawashinda wakubwa. Toboa matundu ya milimita 2, yakiwa milimita 10 kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 12, na kila sentimita 6 karibu na omo ambako mkunjo ni mkali. Kata waya wa shaba wa milimita 1.5 vipande vya sentimita 12. Vyote vitakuwa kama 80, yaani chini kidogo ya mita 10. Mtoto anakaa ndani ya mashua, anapenyeza ncha mbili za waya zitoke nje, na aliye nje anazisokota kwa koleo. Kwa ndani ubaki mstari tu wa waya uliolala bapa kwenye kona, ili lipu ya gundi isije ikakwama kwenye vifundo. Mzunguko wa kwanza ni wa kulegea: waya zote ziingie, hakuna inayokazwa. Watu hukaza kiungo cha kwanza kwa furaha, kisha cha mwisho kinakataa kufika kwa sentimita 2. Kazeni kidogo kidogo mkizunguka chombo chote, na ukingo wa ndani wa kitako ukutane na ukingo wa ndani wa ubavu bila mmoja kupanda juu ya mwenzake. Sikiliza waya: ukianza kulia kwa sauti kali na kung'aa kwenye msokoto, umefika, mzunguko mwingine mmoja na utakatika.

Hapo mashua imeshapata umbo na kila mtu anataka kuendelea. Simameni. Chombo kilichoshonwa bado ni laini kama kikapu na kinafuata sakafu kilipolala. Weka ubao ulionyooka juu ya omo na mwingine juu ya tezi, rudi nyuma hatua tatu, inama mpaka ubao wa karibu uufiche wa mbali. Ukiona pembe moja ya ule wa mbali imechomoza juu, mashua imepinda. Weka kipande cha karatasi ngumu chini ya kona iliyo chini, utazame tena. Pima pia kutoka katikati ya omo mpaka kila kona ya tezi. Vipimo viwili visipishane zaidi ya milimita 3. Gundi ikishakauka, mpindo huo hautoki.

Sasa epoksi, ambayo ndiyo inayowaumiza watu zaidi, na hapa watoto wanakaa kando. Ngozi inayoguswa na epoksi mbichi mara kwa mara huweza kujenga mzio, na mzio huo kwa kawaida hauondoki. Mchanganyaji na mpakaji ni mtu mzima, glavu za nitrili mikononi, mikono mirefu ya shati, mahali penye hewa. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji. Thina inaipenyeza ndani ya ngozi. Watoto wasiachwe bila kazi: mmoja anasoma mizani kwa sauti, mwingine anaandika daftarini saa ya kila mchanganyiko na uzito wake, mwingine anakata utepe kwa urefu na kuupanga kwa namba. Daftari hilo lina thamani. Mahali pasipokauka pakionekana kesho yake, mtajua ni mchanganyiko wa saa ngapi uliokosewa na umepakwa wapi.

Kosa kubwa ni la uwiano wa resini na kigumishi chake. Kama mtengenezaji amesema 2 kwa 1 kwa ujazo, usipime kwa uzito, maana kimiminika kimoja ni kizito kuliko kingine. Na anayezidisha kigumishi ili gundi ikauke haraka, kama ilivyo desturi kwa resini ya poliesta, atapata gundi ya mpira isiyokauka kamwe; itabidi akwangue yote. Changanya gramu 200 kwa wakati mmoja, koroga dakika mbili ukikwangua kuta na kona za chombo, kisha imimine mara moja kwenye sinia pana. Epoksi iliyokaa kwa wingi kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe, hufuka moshi na kuyeyusha kikombe. Joto la hewa likipanda nyuzi 10 za selsiasi, muda wa kufanyia kazi hupungua kama nusu. Kwa mashua nzima tayarisha kilo 6 hadi 7 za epoksi, na mita 25 za utepe wa upana wa sentimita 7.5.

Kwanza weka vidonge vya gundi nzito katikati ya waya, viache vikauke usiku mmoja, kisha kata na kuvuta waya zote. Uliogoma upashwe moto kwa ncha ya chuma cha kulehemu risasi, utatoka. Halafu piga lipu kona zote za ndani: epoksi iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao na silika mpaka iwe kama siagi ya karanga, isiyoteremka ubavuni. Unga huo watoto wanaweza kuuchunga kwa chujio wakiwa wamevaa barakoa. Isawazishe kwa kijiti chenye ncha ya duara la nusu kipenyo cha milimita 15 hadi 20. Lipu ikiwa nyembamba kama uzi itapasuka kiungo kikifanya kazi. Ikiwa nene mno inaongeza uzito bure. Utepe ulale juu yake ikiwa bado mbichi, uloweshwe mpaka weupe wake upotee. Doa jeupe lililobaki ni hewa, na pale hapana nguvu. Kisha geuza mashua, viringisha kona za nje kwa randa na msasa, ubandike utepe nje.

Gundi iliyokauka mara nyingi huota utando unaoteleza kama nta. Uoshwe kwa maji na brashi kabla ya msasa. Msasa peke yake unausukumia ndani na rangi itabanduka. Vumbi la epoksi ambayo haijatimiza siku 7 wasilivute watoto, na mtu mzima avae barakoa.

Sasa kingo. Uso wa plaiwudi hunywa maji polepole, ukingo wake hunywa kama kitambaa cha utambi, kwa sababu hapo nyuzi zimekatwa na midomo yake iko wazi. Paka ukingo epoksi nyepesi, ngoja dakika kumi, utaukuta umekauka kana kwamba hukupaka kitu. Paka tena. Endelea mpaka ubaki unang'aa. Mara tatu au nne ni kawaida. Kila tundu la skrubu nalo ni ukingo: litobolewe kubwa kuliko skrubu, lijazwe epoksi, likikauka litobolewe upya kwa kipimo chake. Skrubu ziwe za shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twaweza kuongeza kwamba katika plaiwudi ufa wenyewe huuoni. Unaona rangi imefura mwaka wa pili, ukibonyeza kidole kinazama. Kuvu wa kuozesha mbao anahitaji unyevu wa zaidi ya kama asilimia 20. Mbao iliyozibwa vema haifiki hapo.

Uso wote upakwe epoksi mara tatu, ndani ya masanduku ya hewa pia, tena kabla hayajafungwa. Paka alasiri joto likianza kushuka. Ukipaka asubuhi, jua linapopanda hewa iliyo ndani ya mbao hutanuka na kutoka kwa povu, na kila povu linaacha kitundu kama cha sindano.

Nimefika kwenye masanduku ya hewa, nayo ndiyo sababu ya barua hii. Lita 1 ya hewa iliyofungiwa hubeba kilo 1 majini. Sanduku la omo lenye upana wa wastani wa sentimita 60, kina cha 30 na urefu wa 40 ni lita 72. La tezi, 80 kwa 30 kwa 35, ni lita 84. Jumla lita 156. Mashua ya namna hiyo ikijaa maji, mbao zinaelea zenyewe, na masanduku yanabaki na nguvu ya kuwashikilia walioketi ndani wakiwa na maji kiunoni, kingo zikiwa juu ya maji, ili maji yaweze kutekwa na kumwagwa. Bila masanduku, mashua hiyo hiyo inaelea sawasawa na uso wa maji: kila unachomwaga kinarudi, na ukijaribu kupanda inazama chini yako. Mtoto anayeiacha aogelee kwenda ufukoni yuko hatarini kuliko anayebaki ameishika, lakini hawezi kuishika isiyombeba. Kuweka sanduku moja tu, la tezi, ni hatari ya namna nyingine: omo inazama, tezi inasimama.

Kiambaza kishonwe na kupigwa lipu pande zote mbili kabla ya kifuniko. Kifuniko kikalie vijiti vya milimita 20 kwa 20 vilivyogundishwa kwenye mbavu, maana kukigundisha juu ya ukingo mtupu wa milimita 6 ni kutafuta mwanya. Kila sanduku liwe na mlango wa mviringo wa kufunga kwa kuzungusha, wenye kipenyo cha sentimita 15. Ndani yake watoto waingize chupa tupu za plastiki za lita 2, zilizokazwa vifuniko, kadiri zinavyoingia. Sanduku likija kutoboka, hewa iliyo ndani ya chupa inabaki. Vipande vya polistarini vinafaa pia, ila viepushwe na petroli na resini ya poliesta. Vyote viwili vinaviyeyusha.

Kisha lijaribuni. Paka maji ya sabuni viungo vyote vya sanduku, penyeza mpira mwembamba kwenye mlango uliozibwa kwa kitambaa na mkanda, mtoto apulize kwa pumzi yake. Pumzi inatosha; kompresa inaweza kubandua kifuniko. Mapovu yatachomoza hasa kwenye kona za juu za kiambaza, pale kinapokutana na ubavu na kifuniko kwa pamoja, kwa kuwa lipu hapo hupigwa kwa kubahatisha. Kausha, ziba, pulizeni tena. Na asije mtu baadaye akapigilia skrubu ya pete ya kamba kwenye kifuniko hicho.

Yaliyobaki ni mepesi. Fito za ukingoni ziwe mbili mbili, milimita 10 kwa 35 kila moja, zigundishwe pamoja zikiwa zimekunjwa. Ufito mmoja mnene huvunjika omo. Zinataka klampu kama 30, na hazinunuliwi: bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 7.5 likatwe pete za upana wa sentimita 3, kila pete ipasuliwe upande mmoja, mnapata klampu ambazo mtoto anazivalisha mwenyewe. Chini ya tezi kuwe na pezi la urefu wa sentimita 50 na kina cha 10, la sivyo mashua itazunguka kila kasia likiinuliwa. Makasia ya mita 2.1 yanafaa, na vishikio vyake viwe sentimita 30 upande wa tezi kutoka ukingo wa nyuma wa kikalio. Rangi ya mafuta mikono miwili juu ya rangi ya awali. Si ya urembo tu, kwa kuwa epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua.

Kabla ya safari ya kwanza, pelekeni mashua kwenye maji tulivu ya kimo cha kiuno, kila mtu na jaketi la kuokolea maisha. Jaketi la mtoto lipimwe kwa kulishika mabegani na kulinyanyua. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Jazeni mashua maji kwa makusudi mpaka ukingoni. Mtu mzima aketi katikati, mtoto karibu naye, wateke maji kwa upo uliofungwa kamba ili usipotee. Mkiweza kuitoa maji mkiwa ndani yake, iko tayari. Mkishindwa, ongezeni hewa, hata kama rangi imeshakauka na jina limeshaandikwa. Siku ya kwenda mbali kidogo, tazameni upepo: ukitoka nchi kavu kuelekea majini, msitoke. Chombo cha kilo 40 kinachukuliwa kama jani, na mikono ya mtoto haikirudishi.

Kikiwa nchi kavu kiwekwe kifudifudi juu ya magogo mawili, milango ya masanduku ikiwa wazi. Sanduku lililofungwa juani hewa yake hutanuka na kusukuma viungo. Likipoa hufyonza unyevu kupitia kitundu chochote. Maji ya mvua yanayotuama ndani yanaozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Gazeti lako likichapisha ramani ya mashua ya watoto, karibu na urefu na upana wake ziandikwe pia lita za hewa iliyofungiwa, omo ngapi na tezi ngapi. Ramani isiyo na tarakimu hizo irudishwe kwa mchoraji aikamilishe.

Wako,
Fundi wa mashua ndogo na mzazi